Daktari Ameshindwa Kuinuka Mkekani

Wairimu, wueh! Nimejificha chooni hapa zahanati nikuandikie. Daktari Hesbon ameumbuka!

Si unajua amekuja Mbwajumali kutafiti ule ugonjwa wa misuli wa kurithi katika ukoo mmoja wa hapa? Siku tatu nzima anawafokea watu kwamba kuogopa kupimwa damu ni ujinga. Juzi Bwana Madi alimwambia kwa upole, "Siogopi, ila sijajiandaa." Daktari akaniamuru niandike kwenye fomu yake: AMEKATAA KWA UJINGA.

Leo ilikuwa zamu ya kupima nguvu za miguu. Unakaa mkekani, unainuka bila kujishika popote. Akasema, "Tazameni, ni rahisi!" Akakaa yeye.

Wairimu, hakuinuka.

Akajaribu tena, wapi! Mwishowe akapiga magoti, akashika mapaja, akapanda mwili wake kama mkwezi, mnazi wenyewe ni yeye. Mbele ya ukoo mzima!

Na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Bi Nana, bibi mkubwa wa ukoo, akamwambia polepole, "Marehemu mume wangu alianza vivyo hivyo, mwanangu. Na wewe uandikwe, upimwe."

Ati kitambi! Daktari anasema ni kitambi! Kweli anacho, lakini jasho lililokuwa likimtoka halikuwa la kitambi.

Nikamsogelea na sindano ya kutolea damu. Akarudisha mkono nyuma. "Chelangat, siogopi. Sijajiandaa tu."

SIJAJIANDAA! Na Bwana Madi amekaa palepale, anamtazama!

Nimechukua fomu mpya, nimeandika jina lake. Kwenye sababu nimejaza kama alivyonifundisha, kwa herufi kubwa.