Tarakimu ya Mwisho

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka huku Bunia, na kabla ya lolote niambie: mgongo wa mama umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka, na si vita peke yake vilivyouchosha, ni watu wa ofisi.

Unajua kazi yangu. Naandika programu ya kompyuta inayotunza picha za watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia Djugu, pamoja na nyumba wanamolelewa. Kila faili lazima liandikiwe nani aruhusiwe kulisoma. Ukiandika ruhusa hiyo kwa tarakimu, ya mwisho ni ya watu wote. Ikiwa sifuri, wamefungiwa. Unatupa jicho mara moja, umeelewa. Lakini Justin, mwenzangu, huandika ruhusa hizo kwa majina marefu ya herufi kubwa, yamefuatana mstari mzima, ati ndivyo alivyofundishwa. Nilimwomba tufuate tarakimu sote. Akacheka.

"Iko style tu, Neema. Weye unapenda sana zéro."

Jumatatu mwanamume alifika kwenye nyumba moja ya walezi, mtaa wa Ngezi, na picha ya mtoto Dorika, imechapishwa kutoka programu yetu, akisema yeye ni baba yake mdogo. Dorika hakumjua. Aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka. Mama wa nyumba akapiga kelele, majirani wakaja, yule mtu akaenda zake. Nilipotazama programu, katikati ya majina ya Justin nilikuta moja linaloruhusu kila mtu kusoma. Chef, mkuu wetu wa ofisi, ndiye aliyeupitisha mstari ule.

Yaya, nilikasirika mpaka nikalia. Chef ananiambia, "Mambo ya style tutaongea kisha, sasa tuko na urgence." Dharura gani tena kuliko hii? Nikaandika zote upya kwa tarakimu bila kumngoja.

Jana nilikwenda kumwona Dorika alikohamishiwa. Akauliza, "Picha yangu iko mule bado?"

"Iko, lakini siye wawili tu wa ofisi ndio tunaiona."

"Muitoshe mule," akasema, yaani niiondoe kabisa.

Lakini ni kwa picha ile mama yake atamtambua, kama yu hai.

Nisalimie shemeji fundi, na shangazi wa kwaya. Mama umsomee barua hii polepole, kisha umwulize, yeye aliyezaa, angetaka nifanye nini. Dorika nimemwahidi jibu Jumamosi.

Mdogo wako,
Neema