Kumsahihisha Baba Mdogo Mbele za Watu

S.L.P. 62,
Tarime.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Tonny,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Kisumu, na wifi Sharon amepata nafuu ya mgongo. Sisi hatujambo kwa mwili. Mvua imekata mapema, mahindi ya mama yamesinyaa.

Naandika kwa sababu nikianza habari hii kwenye simu unakata. Abonyo anavuka mpaka wa Sirari kesho, atakufikishia barua hii.

Unajua ofisi ilinipa kazi ya kuwafundisha waandishi wenzangu wa programu mtindo wa funksheni. Hawa si wanafunzi. Wameandika programu tangu mimi niko sekondari, na Baba Mdogo Olima ndiye mkongwe wao. Niliwaonyesha namna ya kuunganisha funksheni na funksheni, vile vipande vidogo vya programu, kila moja ipokee data na kutoa jibu jipya bila kugusa data ya zamani. Wakakunja mikono. Mmoja akasema, "Adero, hii kazi imetusomeshea watoto. Wewe unatuletea hesabu za kidato cha sita."

Ndipo nikafungua programu ya zahanati aliyoandika Baba Mdogo. Dozi za wagonjwa wote zinapita sehemu moja, na kila muuguzi anabadilisha humo humo. Wawili wakihifadhi kwa pamoja, dozi ya huyu inakaa kwa yule. Wote waliona. Baba Mdogo akachukua kofia yake akatoka, na wenzake wakamfuata.

Tangu hapo hakuna anayezungumzia dozi. Ukoo mzima unamzungumzia binti aliyemsahihisha baba yake hadharani. Meneja naye anasema mambo ya ukoo tuyamalize nyumbani. Na wewe, uliyesoma kompyuta kabla yangu, ukaniambia nikaombe radhi. Hilo limeniuma kuliko yote, maana wewe kosa unalielewa.

Nilikwenda, nikapiga magoti sebuleni kwa Baba Mdogo. Akanisamehe, akaniombea, tukanywa chai. Nilipouliza kama atairekebisha programu, mkewe, mama mdogo Scholastica, akasema, "Si umeshasamehewa? Tusianze tena."

Darasa limefutwa. Mwisho wa mwezi programu inaanza kazi kwenye zahanati anakochukua mama dawa ya sukari. Nimemsihi aende hospitali ya mjini. Amenijibu kwamba radhi yangu haikutoka moyoni.

Wasalimie wifi na watoto, na shangazi Agustina ukimwona. Mungu awalinde nyote.

Halafu mpigie mama. Usihangaike kumweleza funksheni. Mwambie tu asiende pale, wewe ndiye umesema.

Dada yako, anayekupenda hata kwa hasira hii,
Adero