Asante kwa Kusimama

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi kutoka Mahurunga. Sisi wazima, mikorosho imetoa maua vizuri, na namshukuru Mungu kwa ajili yako.

Ile video yako ya huko Afrika Kusini tuliifungua uani, majirani wamejaa. Tukakuona unaruka kutoka kwenye ndege, kichwa chini miguu juu, unashuka kilomita mia nne kwa saa kuivunja rekodi ya klabu yenu. Bando likaisha hapohapo, parachuti halijafunguka. Nikapiga yowe, na unajua huku kwetu yowe ni msiba. Kabla sijajieleza, wanawake walishatandika mikeka na kuinjika ubwabwa. Shangazi yako Nuru akakimbilia vocha, ndipo tukakuona umesimama chini, unacheka. Asante, mwanangu, kwa kusimama. Ubwabwa tukaula kwa furaha.

Usishangae kuona karatasi. Simu anayo baba yako. Tangu ulipoikataa ile posa hajawahi kulitaja jina lako, lakini leo ameibeba mpaka msikitini, anamwonesha kila mtu: "Huyu Somoe wangu. Msiogope, subirini, anasimama."

Mama yako,
Mwanahamisi