Baba Anaing'oa Nta Yako

Mama,

Baba anaweka vigae sebuleni. Wewe ulimwomba miaka yote tuliyoishi hapa Kawangware, naye akakujibu kwamba saruji inatosha. Sasa hata mwaka haujaisha tangu tukuzike, na amebeba maboksi kutoka River Road huku akipiga mluzi. Baba huyu huyu, Mama! Mluzi!

Nilijua kuna mtu.

Kazi ya kukwangua nta ya sakafu alinipa mimi. Unakumbuka Jumamosi zetu, wewe mbele kwa magoti unapaka ile nta nyekundu, mimi nyuma na kipande cha blanketi, ukiniambia, "Nafula, nataka nione meno yangu hapo chini"? Fundi wa vigae alisema lazima yote itoke, la sivyo vigae havitashika. Nikakwangua kwa kisu na maji moto. Nikalia. Nikamwambia Baba ni sabuni.

Kisha fundi akaidonoa sakafu kwa nyundo na tindo mpaka ikawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Akavuta uzi ukuta hadi ukuta kupima usawa. Pale dirishani, ulipokuwa ukiweka cherehani, palikuwa pamebonyea. Akapajaza saruji. Hata hilo liliniuma.

Wakati huo wote namchunguza Baba. Shati jipya. Kunyoa ndevu katikati ya wiki. Nikamuuliza, "Baba, tunangoja wageni?" Akasema, "Sakafu imechoka tu." Lakini alisema akiangalia pembeni.

Halafu akaja Mama Esta, yule mjane mliyeimba naye kwaya. Alimletea fundi uji, akasimama mlangoni. Nikamkaribisha kwa mdomo tu.

"Hapana, mwanangu," akasema, "nitaharibu kazi ya watu."

Nikasema moyoni, huyu ni mjanja.

Jioni nikamkabili Baba. "Ni Mama Esta?"

Akasema, "Nilimuuliza kama atakubali tuoane. Amenikataa."

"Kwa nini?"

"Anasema hawezi kuingia hii nyumba mpaka wewe umuite. Si mimi. Wewe."

Mama, sijui nifanye nini na neno hilo. Ni heshima, au ni mtego wa kunilainisha? Nimeligeuza nikifua, nikipika, hata nikiwa kanisani. Ninachojua ni kwamba mlikaa benchi moja miaka mingi na hukuwahi kuniambia jambo baya juu yake. Na wewe, Mama, hukuwa mtu wa kunyamazia mabaya.

Vigae vimeshika. Jumapili nitamwita aje anywe chai. Vikombe vyako vya maua havitoki kabatini. Atanywea vya bati. Nitamwangalia macho, nitamwangalia mikono, na kama anaitaka nyumba kuliko anavyomtaka Baba, nitajua. Nakuahidi. Nakuahidi pia kwamba akiwa mtu mwema sitamfukuza.

Pumzika, usituhofie. Yeye nitamwita Mama Esta, hata akikaa hapa mpaka nizeeke. Mama ni wewe.

Nafula