Begi Letu Liko kwa Jirani, Mume Wangu Anadhani Namkimbia

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nakuomba barua yangu uitangulize, kwa sababu Jumapili shemeji yangu mkubwa anakuja kutusuluhisha na mimi sijui nitasema nini.

Mume wangu ni fundi wa friji na feni, mimi nafanya kazi mapokezi hospitalini, tuna watoto wawili, na mwaka juzi tulikubaliana wenyewe, hakuna aliyemlazimisha mwenzake, kwamba hatununui kitu mpaka kilichopo kishindikane kutengenezwa, na tukinunua tununue kigumu cha kukaa nacho, maana nyumba ilikuwa imejaa vitu vya kudanganyia, blenda iliyosaga wiki mbili ikanyamaza, viti vya plastiki ambavyo kimoja kilivunjika baba mkwe akiwa amekikalia na kikombe cha chai mkononi, aibu ile sitaisahau. Nilifurahi kabisa. Tatizo, Shangazi, mume wangu anatengeneza vya watu. Vya kwetu vinasubiri. Pasi nzito aliyoniachia marehemu mama ilikatika waya, akaiweka juu ya kabati akasema, "Hiyo kazi ya dakika tano tu, mama watoto," na hizo dakika tano zimekula mwaka mzima, na nikisema niipeleke kwa fundi mwingine ananuna, ati watu watasema nini wakimwona mke wa fundi anapeleka pasi kwa fundi, basi sare yangu ya kazi nikawa nainyoosha kwa kitako cha sufuria ya maji ya moto.

Ndipo nikaanza kununua kwa siri. Nilinunua pasi ya bei chee nikaificha kwa jirani yangu mshonaji, asubuhi napitia kwake kunyoosha sare, ikaungua, nikanunua nyingine, nayo inavuja maji, halafu sijui nini kilinipata, mkono ukazoea, nikaongeza taa ya mezani, seti ya vikombe, mashuka, sufuria, na vilipozidi nikavipanga kwenye begi letu la safari, stooni kwake. Wiki hii friji ya jirani ikazimika, akamwita nani? Mume wangu! Akaingia stoo kutafuta soketi, akaliona begi letu, akalifungua. Mashuka mapya, vikombe, sufuria, na zile pasi mbili. Ameamini nahama kidogo kidogo.

Hakunigombeza. Mtu ambaye huongea hata na friji akiwa anaifungua, alirudi akala kimya, akaosha sahani yake, akatoka nje kumpigia simu kaka yake. Kesho yake natoka kazini nakuta pasi ya mama iko mezani, ina waya mpya na plagi mpya, akaniambia, "Pasi yako hiyo. Popote utakapokuwa, usitumie zile nilizoziona kule, zitakuunguza." Nilichemka! Mwaka mzima namlilia, leo anaitengeneza ili anifukuze vizuri? Nikaichukua nikaingia nayo chumbani bila kumweleza lile begi ni la nini.

Sasa naona bora kwenye kikao niseme kweli nilitaka kuondoka, nimechoka na maisha ya kujibana. Afadhali ukweni wanione mwanamke aliyechoka kuliko mwanamke anayeficha vikombe. Je, nitakosea?

Mke wa Fundi

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, Mke wa Fundi. Nimecheka sana pale kwenye kiti cha baba mkwe, lakini nilipofika mwisho nikaacha kucheka. Yaani uko tayari kuivunja ndoa kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya shemeji, kwa sababu ya aibu ya vikombe? Acha mchezo. Neno hilo ukishalisema utaishi nalo.

Hasira yako ina haki. Makubaliano ya kutengeneza yana maana pale tu fundi anapotengeneza. Kuweka kitu kibovu juu ya kabati si kubana matumizi, ni kukuachia wewe kazi ya sufuria ya maji ya moto. Na huko kununa ukimtaja fundi mwingine ni majivuno tu. Mwambie hivyo hivyo, usimzungushe.

Lakini na wewe, mama! Pasi moja ya siri naielewa, sare haijinyooshi. Vikombe je? Nani amevinywea? Hiyo taa inamwangazia nani humo stoo? Umevitoa vitu vya kudanganyia nyumbani kwako, ukaenda kuvirundika kwa mwenzio, halafu unasema mkono ulizoea. Mkono hauendi dukani peke yake.

Usisubiri Jumapili. Leo akirudi kazini mwambie, "Twende kwa jirani," ulifungue begi mbele yake, utoe kitu kimoja kimoja na useme ulikinunua kwa nini. Vitakavyopokelewa dukani virudishe. Vikombe na taa mwachie jirani, maana stoo yake umeitumia vya kutosha. Sufuria, kama ni nzito na masikio yake ni imara, baki nayo. Zile pasi mbili mpe mumeo azifungue akuonyeshe zilivyo ndani, hamu itakuisha.

Halafu yaongezeeni makubaliano yenu kipande kilichosahaulika. Kitu kikiharibika, fundi wa nyumbani ana wiki mbili. Zikipita, kinakwenda kwa fundi mwingine na hakuna kununa. Huyo naye akishindwa, mnakwenda dukani wote wawili, na kisichofunguka kwa bisibisi mnakiacha hapo hapo. Shemeji apigiwe simu leo, apigiwe na mumeo. Akitaka kuja Jumapili, aje ale.

Na hiyo pasi umeielewa vibaya. Mtu anayekufukuza hakai chini kukubadilishia waya. Alidhani unaondoka, na kitu pekee alichojua kukufanyia ni kuhakikisha huko uendako huungui. Amechelewa mwaka mzima, na kwa hilo mgombeze, anastahili. Ila kwanza mwambie kwamba huendi popote. Na mkitoka kwa jirani, begi alibebe yeye, likiwa tupu.