Zamu ya Acen

Jumamosi, 8 Machi
Mvua tangu alfajiri. Zamu ya Apio kwenda kituo cha watoto cha parokia. Nimeandika kwenye daftari: Apio. Jumamosi ijayo: Acen. Mwaka wa pili sasa. Kadi ya msaada ni moja, kwa sababu sheria ya kituo ni nyumba moja, mtoto mmoja. Lakini kwetu Mahagi mapacha hawatengwi. Ukimpa mmoja bila mwenzake, unaualika ugonjwa. Kwa hiyo binti zangu wanapokezana, na kule wote wawili wanaitwa Apio. Sura moja, gauni moja. Mimi ndiye fundi, nimeyashona mawili sawasawa.
Dawa za malaria za Acen mwezi jana zilitoka kwa kadi hiyo.

Jumatano, 12 Machi
Barua kutoka Canada. Mama Agnès, mjane anayemsaidia Apio. Alimwahidi Mungu. Hufunga kila Ijumaa, na pesa ya chakula anayobakiza ndiyo anayotuma. Kila alfajiri anataja jina la Apio katika sala. Anauliza jina hilo lina maana gani. "Nataka kujua ninachomwambia Mungu."
Sikushona tena leo. Hapa Mualur yeyote, mtu wa kabila letu, anajua: Apio ni pacha wa kike aliyetangulia. Acen ndiye anayefuata.

Alhamisi, 13 Machi
Mke wangu anasema tujibu "wa kwanza" tu. Si uongo. Nimekubali. Baada ya saa moja nimekataa. Jioni nimekubali tena.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwendea Mama Dorika, msimamizi wa watoto kituoni. Nilidhani hajui. Amecheka.
"Papa Mapasa, majirani wote banakuita baba ya mapacha. Unawaza miye niko kiziwi?"
Kisha hakucheka. Yeye amefumba macho, ofisi kubwa haitafumba. Wakijua, kadi inaweza kufutwa.
Nimeshona mkono wa shati ndani nje. Nimeufumua.

Jumamosi, 15 Machi
Siku ya watoto kujibu barua. Zamu ya Acen. Ningeweza kubadili. Sikubadili. Nimemwagiza aandike "wa kwanza". Ameniangalia.
"Na miye, papa, jina yangu nani anaitajaka?"
Mchana nimekwenda kumchukua. Mama Dorika amenipa barua ya Acen. Imeandikwa: "Apio ni yule anayetangulia. Mimi ninayeandika ni Acen, anayefuata. Tunakuja kwa zamu. Usikasirike."
Ilikuwa mkononi mwangu. Kuichana ni kazi ya nukta moja. Nimemrudishia. Nimesema itumwe.

Jumapili, 16 Machi
Nimekaa misani, sikusikia kitu. Naogopa. Namkasirikia mtoto kwa sababu amefanya lililonishinda.

Jumanne, 8 Aprili
Ofisi kubwa imesoma barua, imejua. Hakuna wa kwenda kituoni hadi waamue. Apio hasemi na Acen. Analala amebana mgongo ukutani ili usiguse mgongo wa mwenzake. Tangu wazaliwe sijaona hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili
Bado. Apio ana homa. Dawa nimenunua mwenyewe. Acen ameketi mlangoni siku nzima, hakula.

Jumamosi, 24 Mei
Jibu. Kadi inabaki, lakini ni ya Apio peke yake. Mama Agnès aliomba iwe ya wote wawili, ofisi imekataa. Daftari la zamu nimelifunga.
Kuna karatasi ndogo ya Mama Agnès ndani ya bahasha. "Asante, Acen. Sasa kila alfajiri nataja wawili."
Apio amekwenda kituoni. Acen amevaa gauni lake vilevile, ameketi kando ya mashini yangu. Saa sita Apio amerudi na mkate wa kituo ndani ya kitambaa. Hakuung'ata. Wameupima kwa utepe wangu, wakaukata katikati.
Acen ameuliza kwa Mama Agnès sasa ni saa ngapi. Nimehesabu kwa vidole. Alfajiri, nimesema.
Wameacha kutafuna kidogo. Kisha wameendelea.