Bastola Niliyomchagulia Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Zimefika. Bastola zimeviringwa karatasi za mafuta kama miche ya sabuni. Meja anatembea kifua mbele. (Meja! Hajavaa gwanda hata siku moja maishani mwake. Ni bosi wa kampuni ya ulinzi, basi, cheo kajipa mwenyewe.) Anasema hii ni silaha ya kijeshi hasa. Nikamwambia ya kijeshi ni ile iliyoigwa, hii ndiyo iliyoiga. Akacheka. Bei ya kutupa, lazima acheke.

Lakini walinzi wamefurahi, na siwalaumu. Tangu yule mzee wa ghala la dawa auawe na wezi akiwa na rungu mkononi, hakuna anayelala vizuri. Na zamu ile sasa ni ya mkwe wangu, mume wa binti yangu. Kazi nilimtafutia mimi, mkaguzi wa silaha wa kampuni.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua chache mezani. Aibu tupu! Rangi inabanduka kwa ukucha. Ndani kuna mikwaruzo ya tupa, kana kwamba aliyeziunda alikuwa anawahi gari. Vishikio vya plastiki vinalia ukivibana. Na kile kidole cha chuma, kinachong'oa ganda tupu baada ya risasi kutoka, ni cha chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Cha zile za jeshini kilichongwa kwenye chuma kigumu. Sijakipenda kabisa.

Nikamwambia Meja hizi zitatuumbua. Akasema: zipige kwanza, mama, ndipo uzitukane.

Sawa. Nitazipiga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeyameza maneno yangu. Yote!

Nimezipiga kwenye uwanja wa shabaha tangu asubuhi mpaka kidole cha shahada kikafa ganzi. Risasi mpya, risasi za zamani, zile za bei rahisi zenye moshi mzito – zinakula tu. Moja nimeizika kwenye mchanga, nikaikung'uta, nikafyatua. Ikaitika. Kufyatua ni kugumu, sikatai, unavuta kama unang'oa msumari. Ila risasi inakwenda ulikoituma. Tundu zinakaa karibu karibu.

Kwa hiyo ni sura mbaya na moyo mzuri. Watu wa hivyo nimewahi kuwajua. Nimemwambia Meja: nazipitisha. Akanipa mkono kama mgombea ubunge.

Kile kidole cha chuma bado kinanikera. Lakini hakijakosa hata ganda moja. Nimewafundisha vijana jeshini miaka mingi, jicho langu haliwezi kuwa limedanganywa na mabaki ya kiwandani. Ningeona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechagua moja. Kati ya zote, ndiyo iliyokaa vizuri zaidi, kila kitu kinateleza. Nimeisugua ndani kwa mkono wangu, nimelainisha kingo, nimeipa springi mpya. Nikamwita mkwe stoo. Akaja, akasimama mlangoni – mimi nikiwa nimekaa yeye hakai – akaipokea kwa mikono miwili, macho chini.

"Asante mama. Umenifaa sana."

Nikamwambia ikimsumbua chochote aje kwangu moja kwa moja, asipitie kwa msimamizi. Akaitikia. Kijana mpole mpaka anaudhi. Binti yangu anasema nyumbani ni msemaji, anachekesha jirani wote. Kwangu mimi ni "ndiyo mama" na "hapana mama". Heshima ya ukwe. Marehemu mume wangu angempenda.

Jumanne, 18 Machi

Mlinzi mmoja wa benki kaja analalamika kwamba yake imekwama. Nikaifungua mbele ya wenzake. Uchafu! Vumbi, mafuta ya kupikia – ndiyo, ya kupikia! Nikamuuliza na vitunguu ameviweka wapi. Wamecheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Nimempa kisago cha maneno atakachokumbuka: silaha niliyoipitisha mimi haikwami, anayekwama ni mwenye nayo.

Mkwe alikuwepo nyuma. Nimemuuliza yake vipi. "Haina tatizo mama."

Jumapili, 30 Machi

Chakula kwa binti yangu. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno. Mkwe ameketi uani kwenye kigoda, anasafisha bastola juu ya gazeti. Aliponiona akaifunika haraka na kitambaa. Nikasema unaona haya ya nini, usafi ni jambo la kujivunia. Akatabasamu. Vidole vyake vilikuwa na michubuko midogo ya kukatwa. Kazi za nyumbani, nadhani.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamevamia ghala la dawa. Mchana kweupe!

Redio ililia nikiwa nakunywa chai. Mwenzake wa getini ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Majambazi watatu, mapanga, mmoja ana bunduki. Mkwe kafyatua mara moja, wakarudi nyuma. Kafyatua tena – kimya. Kakoki – kimya. Wakaona. Wakarudi.

Amepigwa risasi tumboni na panga begani. Yuko chumba cha upasuaji. Mwenzake anasema alikuwa anaigonga bastola kwa kiganja, anaivuta, anaigonga, mpaka wakamfikia. Hakukimbia.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 11 Aprili

Benchi la hospitali. Binti yangu hajala. Nikamwambia kula kwa ajili ya mtoto, akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona kwake.

"Alikuwa anajua, mama. Bastola inakwama tangu wiki ile ya pili."

Nikauliza mbona hakuja kwangu. Nilimwambia aje!

"Angekuambiaje? Umemchagulia mwenyewe. Kila mtu alisikia ulivyomfanya yule wa benki. Akasema hawezi kumwambia mama mkwe kwamba jicho lake limekosea. Nilimbembeleza, akasema ataitengeneza mwenyewe."

Nikaenda kusimama dirishani. Nimelia kwa hasira. Hasira yangu ni kwa nani sijui. Najua. Kwangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Niko stoo. Polisi wanakuja kuichukua bastola ya mkwe saa sita. Meja kanipa funguo akasema ikague kwanza, andaa maneno. Maneno anayoyataka nimeyaelewa kabla hajafungua kinywa: mlinzi hakutunza silaha. Nikisema vinginevyo, kampuni imekwisha, na mimi niliyezipitisha nimekwisha pia. Kasema hivyo kwa upole kabisa, ameniwekea mkono begani.

Nimeifungua.

Ndani ni safi kuliko sahani. Sijapata kuona bastola safi hivi kwa mlinzi yeyote. Kidole cha kung'olea ganda kimemeguka ncha, na mmeguko si wa juzi, umeshaanza kuwa mweusi. Chuma cha kumimina. Nilikiona siku ya kwanza, nikakisamehe kwa sababu kilinifurahisha siku moja uwanjani.

Na chini ya springi kuna kipande cha bati. Kimekatwa kwenye kopo la maziwa, herufi za rangi ya buluu bado zinaonekana. Kakikunja, kakisugua, kakisukumia mle ili kidole kisichokuwa na ncha kibane zaidi. Kazi ya mtu asiyejua, lakini ya mtu aliyejitahidi. Ndiyo ile michubuko.

Meja akikiona hiki kipande, basi. Mlinzi amechezea silaha. Atafukuzwa, labda ashtakiwe, akiwa bado ana mirija puani. Nikikitoa, nimechezea ushahidi, mimi. Ila kitabaki kidole tu, na kidole kitasema kweli: iliundwa mbovu, na nikaipitisha.

Na bastola zingine bado ziko mitaani viunoni mwa walinzi. Zote zina kidole hichohicho.

Nimekitoa. Kiko hapa kando ya kikombe. Sijui kama nitakitupa au nitawapa polisi na kusema kila kitu, cha mkwe na changu.

Baadaye kidogo. Binti yangu kapiga simu, analia na kucheka. Mkwe ameamka! Ameongea! Nikauliza kasema nini.

Anasema askari walikuwa pale kitandani, wamemhoji. Kawaambia bastola ilikuwa nzima kabisa, mama mkwe wake ndiye aliyeikagua na hakosei. Yeye ndiye aliyetetemeka mkono. Wameandika, na ametia kidole gumba. Lawama aliyoitaka Meja, mkwe amejitwisha mwenyewe.

Gari limeingia uani. Namsikia Meja anawakaribisha kwa sauti ya furaha.